Tochi Inayoficha Kero

Zama hizo kila tochi ndogo ya kuning'iniza kwenye ufunguo ilificha kinachomkera mwenyewe. Mzee Makame alitaka ya kumfikisha chooni tu, lakini muuzaji alimchosha kwa maswali: rangi gani, mwanga mkali au hafifu, jina lichongwe wapi?

"Binti, nanunua tochi, sioi!"

"Basi ishike, babu. Kero zako itazijua yenyewe."

Nyumbani umeme ulikuwa umekatika. Akamulika chumba, kitanda kikaonekana, na mto, hata mjusi ukutani. Mkewe hakuonekana.

"Mbona wanipita, nami nimekaa hapa kitandani?" Bi Mize akauliza.

"Betri hiyo, mke wangu. Wamenipa mbovu."

"Si betri, baba Tunu. Hata yangu haijakuonyesha tangu Ramadhani."