Mkono wa Mzee Lameki

Jumanne ya tarehe tisa Machi, saa nne asubuhi, Mzee Lameki alifunga mlango wa kanisa mbele ya jeneza la Damari, eti ndoa yake na Nashoni haikubarikiwa. Nashoni akamzika mkewe bila sala, akaapa hatakanyaga pale tena.

Jumapili ya mavuno alikanyaga. Mchungaji alipouliza nani anampokea Yesu, miguu ilimtangulia. Alipiga magoti, akalia kama mtoto, akasema, "Sistahili, lakini napokea."

Ikabaki desturi moja ya pale: aliyeokoka hupewa mkono na wazee wote wa kanisa. Wa mwisho kwenye mstari alikuwa Lameki.

"Mpe tu, shemeji," dada wa Damari alimnong'oneza. "Shetani asikucheke."

Nashoni aliutazama ule mkono. Moyo ulimwaka. Kisha akaushika kwa mikono yake yote miwili.

"Nimekusamehe, mzee. Na mimi nimesamehewa bure."

"Bwana asifiwe," Lameki alijibu, macho chini.

Nashoni hakumwachia.

"Sasa niambie, ndugu yangu. Wewe uliokoka lini?"