Paja la Khatibu

Fundi Mbwana, aliyezoea kuwashonea maharusi kanzu, alitokwa jasho kuliko bwana harusi yeyote. Alikuwa amempakata mwanawe Khatibu, wa miezi mitatu, aliyezaliwa na kromosomu X ya ziada. Mbele yao nesi Tabu alishika sindano ya homoni ya kiume.

“Itamfanya mwanamume?”

“Huyu mwanamume tayari, fundi. Huenda ikamwongezea misuli, huenda isimwongezee. Siapi.”

“Kitambaa nisichokijua mimi sikikati.”

“Na kaptura za watoto je? Si unawaachia pindo nene? Nani alikuapia watarefuka?”

Mke wa fundi, aliyeketi kando, akaangua kicheko. “Leo umepata kiboko yako, Baba Khatibu!”

Fundi hakucheka. Alilishika paja la mwanawe, akalituliza.

“Haya, choma.”

Kidole gumba chake kilikuwa bado kimefunika mahali pa kuchoma.