Pumzi ya Mhunzi

Mhunzi Kilumba alilala chali ndani ya mashine. Kwenye kioo cha kompyuta, saratani ya pafu lake, ndogo kama punje ya mahindi, iliruka kwa kila pumzi.

"Tulia, mzee wangu," alisihi Zawena, mtaalamu wa kupanga tiba ya mionzi. "Bado changa, tunaiweza. Lakini ukihema hivyo, tutakuunguza moyo."

"Binti yangu, mtu akiambiwa apumue, anasahau namna."

Akafumba macho. Vidole vyake vikaanza kujikunja na kujikunjua, kana kwamba vinabana mivukuto kupuliza moto wa karakana yake. Pumzi ikavifuata. Punje ikatua ndani ya duara alilolichora Zawena kwenye kioo.

"Hapo hapo! Usibadilishe!"

Hakubadilisha. Kikohozi kilikuwa kinampanda kooni, akakizuia, na vidole viliendelea kuvukuta, machozi yakimtiririkia masikioni.