Plan za Yaya Emile

Serge alikuwa anavunja ukuta wenye alijenga yeye mwenyewe. Kila nyundo ikipiga, mama yake Émérance anakohoa chini ya bashi, turubai ya bluu.

"Mara hii Emile anasema nini, mutoto wangu?"

"Nguzo hazitakiwi tena, mama. Zimezeeka."

"Zimezeeka? Si mulizisimamisha mwaka jana?"

Emile, yaya wa Serge, kaka yake mukubwa, anasoma architecture, kuchora nyumba, kule Bruxelles. Kila mwaka wanamufundisha mtindo mupya, na kila mwaka plan mupya inaingia kwenye telefone ya Serge hapa Kabambare. Emile ndiye anatuma pesa ya simenti. Nani atamubishia?

Mwanzo, mama alikuwa na nyumba ya udongo wa potopoto na paa la majani. Ilikuwa na baridi safi. Siku moja muzungu mwenye kwenda kijiji cha Wamaza alisimamisha pikipiki, akaipiga picha, pamoja na kikwembe cha mama, kitenge chenye samaki nyekundu, kwenye kamba. Jirani Abedi alicheka mpaka akakaa chini: "Umasikini wenu unaenda Ulaya bila viza!"

Serge akamuelezea Emile. Emile akajibu neno moja: bomoa.

Ndio nguzo zikaja, nene kama za nyumba ya gavana. Sasa anataka sanduku la beto, zege tupu, paa sawasawa kama meza, vioo kila upande. Vioo vilitoka Kasongo juu ya pikipiki. Na ile barabara munaijua, mashimo tu. Vilifika kama sukari.

"Yaya, paa bila muteremuko, maji itapita wapi?"

"Hiyo ni modernisme, petit, mudogo wangu. Wewe uliacha masomo. Jenga tu."

Alijenga. Mvua ikapanda juu ya paa, ikakaa. Haikuwa na haraka. Siku moja ikashuka pamoja na paa. Mama alikuwa shambani, Mungu iko.

Akarudi chini ya bashi. Kikohozi kikashuka kifuani, na mvua kubwa bado haijaanza. Simenti ilikuwa imekwisha. Serge akapiga simu.

"Yaya, nakuomba. Mama hatamaliza hii mvua hapa inje."

"Subiri! Nimepata." Emile alikuwa na furaha kama mutoto. "Iko kwenye maonyesho huku, watu wanapanga mustari kuiangalia. Architecture ya dunia nzima sasa inaenda pale. Mujenge vile vile. Usibadilishe hata kidogo."

Réseau ya simu ilikuwa mbaya. Picha ikashuka polepole: kwanza paa la majani, kisha ukuta, kisha mulango. Serge akaiangalia, akakaa juu ya matofali. Akamunyoshea mama telefone.

Mama Émérance akakaza macho. Akaangalia kile kikwembe chenye kumufunika miguu. Akarudi kwenye picha, akagusa samaki nyekundu kwa kidole.

"Serge," akauliza, "kikwembe changu kilifikaje kule?"