Figa Linalocheza

"Pika chai hapa," bwana alisema. "Mawe iko tayari."

Kiprugut alisimama na mizigo yao mgongoni. Tangu washuke kwenye basi asubuhi alikuwa akiwatembeza kandokando ya ziwa Elmenteita, bwana na mkewe wakistaajabia ndege, magadi yakimchoma yeye kwenye nyufa za nyayo.

Mawe yenyewe yalikuwa matatu, meusi upande wa ndani. Mama yake alipikia hapo miaka yote, mpaka shamba likapata tajiri mpya, wakafukuzwa kama kuku. Wageni hawa wangejuaje?

Angeweza kuwaambia. Lakini basi la kurudi Nakuru lingepita saa kumi, na maneno nayo ni mzigo.

Akatafuta kuni, akawasha moto. Kabla ya kuteleka birika, aliokota kijiwe bapa akakisukuma chini ya figa la kushoto.

"Naweka hiyo ya nini?" memsahibu akauliza.

"Hili linacheza, memsahibu."

"Wewe najua aje? Bado gusa hiyo."

Kiprugut akainama, akazidi kuupuliza moto uliokwisha kuwaka.