Haleluya ya Kwaresima

"Haleluya!"

Mchungaji akakatizwa mahubiri. Aliyepaza sauti ni mzee mpiga kinanda, ambaye tangu apatwe na kiharusi mwaka jana hakuwa ametamka hata neno moja.

Ilikuwa Kwaresima, na neno hilo huwekwa kando mpaka Pasaka. Jumapili iliyopita tu mchungaji aliigombeza kwaya kwa kuliimba.

"Baba watoto, Pasaka bado!" mke wa mzee alinong'ona, huku akicheka na kulia kwa pamoja.

"Haleluya!" mzee akakazia.

Macho yote yakamgeukia mchungaji. Akalipapasa pindo la kitambaa cha zambarau cha Kwaresima kilichofunika mimbari. Akakiondoa, akakikunja mara nne.

"Wazee wa kanisa, nileteeni kile cheupe cha Pasaka. Kwaresima tutaendelea nayo kesho."