Swali la Choo

Magoti ya Bi Mwanashamba yalikuwa yamevimba, baridi yabisi ile ile ya miaka, na siku hiyo mkwewe Mbwana, mume wa bintiye, ndiye aliyemshika mkono mpaka duka la dawa.

Muuzaji, msichana mpole, akaweka pakiti mbili mezani.

"Bibi, hizi nyeupe zinapoza kidogo tu. Hizi za waridi zinaondoa uvimbe, utatembea. Lakini zinachimba tumbo. Kama ndani panavuja damu, zinaua. Niambie kweli: choo kikoje? Cheusi?"

Cheusi. Tangu juzi kilikuwa cheusi kama lami, na hajamwambia mtu. Akatupa jicho pembeni. Mbwana alikuwa amesimama pale pale, kichwa amekiinamisha kwa adabu. Mambo ya haja hayasemwi mbele ya mkwe.

"Choo chetu?" akasema kwa sauti. "Kipya, mwanangu! Huyu mkwe wangu ndiye aliyekijenga. Amekipaka chokaa, cheupe pee!"

Duka zima likaangua kicheko. Muuzaji naye akacheka mpaka akafuta machozi.

"Haya bibi, mwenye utani hivi hana vidonda," akasema, akamsogezea zile za waridi.

Mbwana akafungua chupa ya maji, akampa kwa mikono miwili.

"Meza moja hapa hapa, mama, upate nafuu njiani."

Bi Mwanashamba akageukia ukuta, akaiweka tembe ulimini. Ilikuwa na sukari kwa juu, tamu kama peremende, na nyuma yake watu walikuwa bado wanacheka.